Habari za Taa na Jiko katika Nchi ya Wachaga

 Leo napenda tuzungumze juu ya vitu viwili vilivyomo katika kila nyumba, navyo ni taa na jiko. Labda mtu atasema, "Taa na jiko vina historia gani? Historia ni habari za wafalme na vita." Sivyo. Taa ina ukoo wake kama mangi alivyo na ukoo wake, na katika habari za ukoo huo wamo watu wengi waliokufa. Harufu inayotuonya, fyuzi inayokatika, sheria inayokataza mafuta fulani yasiuzwe: kila kimoja kililetwa baada ya watu kuungua. Basi mtu anayepuuza onyo la chombo kibovu anatupa kitu kilicholipiwa kwa bei kubwa sana.

Tuanze nyumbani kwetu. Hapo kale, kabla Johannes Rebmann hajauona mlima huu mwaka wa 1848, mzee wa Kichaga alijenga nyumba ya mviringo, iliyoezekwa kwa majani toka kileleni hata karibu na ardhi. Ndani walikaa watu, ng'ombe na mbuzi, na moto ulikuwa juu ya mafiga matatu. Juu ya moto palikuwa na dari ya kuwekea kuni na kukaushia chakula kwa moshi. Ukitafakari, utaona ya kuwa nyumba ile nzima ilikuwa kama tita la kuni. Walakini moto wa mafiga ulikuwa na wema mmoja: haukuwa na siri. Ukuni ukitoka nje ya mafiga, hata mtoto aliuona. Cheche ikiruka, ilionekana ikiruka. Nyumba ziliungua, hasa siku za vita baina ya mamangi, lakini mafiga yenyewe hayakumdanganya mtu. Jiwe halivuji, wala halina tundu la kuziba.

Siri iliingia katika moto pamoja na mafuta ya taa. Mwaka wa 1853, katika mji wa Lwów, ambao siku hizi huitwa Lviv nao umo katika nchi ya Ukraine, mtengeneza dawa jina lake Ignacy Łukasiewicz alisafisha mafuta yatokayo ardhini akayatia katika taa, na mwaka huo huo taa hiyo ikaangaza hospitali ya mji. Miaka sita baadaye, yaani mwaka wa 1859, Edwin Drake alichimba kisima cha mafuta huko Titusville, Pennsylvania, katika Marekani. Tangu hapo mafuta yakawa mengi na rahisi, na watu maskini wa Ulaya na Marekani, ambao zamani walilala jua likishatua, wakapata kusoma usiku.

Lakini mafuta yatokayo ardhini si kitu kimoja. Yakichemshwa hutoa kwanza maji mepesi sana yanayoruka upesi kuwa mvuke, nayo ndiyo petroli na ndugu zake. Baadaye ndipo yatokapo mafuta ya taa. Siku zile motakaa hazikuwapo, na petroli haikuwa na kazi kubwa. Basi wafanya biashara wasio na haya waliichanganya ndani ya mafuta ya taa, wapate kuuza vyote pamoja. Mnunuzi alitazama chupa, akaona mafuta meupe na safi. Usiku taa ilipopata moto, mvuke ulijaa ndani yake, taa ikapasuka mezani, na mafuta yanayowaka yakawamwagikia mama na watoto waliokaa kuizunguka.

Watu wengi waliangamia hivyo, hata serikali zikaanza kutunga sheria. Uingereza ilitoa sheria ya mafuta hayo mwaka wa 1862, na mwaka wa 1879 ikaamuru yapimwe kwa chombo kilichobuniwa na Frederick Abel. Chombo hicho huonyesha ni kwa joto gani mvuke wa mafuta huanza kushika moto. Mafuta yaliyoshika moto chini ya digrii 73 za Fahrenheit, yaani kama 23 za Selsiasi, yalihesabiwa kuwa ya hatari. Sasa nanyi fikirini: mpaka huo uliwekwa kwa nchi ya baridi. Hapa Moshi mjini, mchana wa mwezi wa Februari, joto hupita digrii 30. Mafuta ambayo Mwingereza angeyaona salama mezani kwake, kwetu yangekuwa yamekwisha kutoa mvuke tayari kwa moto. Mafuta safi ya taa ya siku hizi hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yafikie digrii 38 au zaidi. Lakini petroli hutoa mvuke huo hata katika baridi ya barafu. Kumbukeni tofauti hiyo, maana tutairudia.

Taa zilikuwa na sifa mbaya namna gani? Sikilizeni habari ya mji wa Chicago. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1871 mji huo uliungua, na watu kama 300 wakafa. Moto ulianza karibu na banda la mama mmoja, Catherine O'Leary, aliyefuga ng'ombe wa maziwa. Watu wakasema ya kuwa ng'ombe wake aliipiga taa teke. Habari hiyo ikaenea dunia nzima, wala haikuthibitishwa kamwe. Mwaka wa 1997 baraza la mji lilimwondolea mama huyo lawama, naye alikuwa amekwisha kufa zaidi ya miaka mia moja. Mchaga aliyelala nyumba moja na ng'ombe ataelewa kwa nini watu waliisadiki. Lakini tujifunze jambo: baada ya moto, tusimtafute mtu wa kulaumiwa kabla ya kutafuta chanzo. Anayemlaumu ng'ombe hataichunguza taa.

Turudi mlimani. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka wa 1911, zamani za Wadachi. Kabla ya reli, mzigo wa mafuta ulipaswa kupandishwa kutoka pwani kwa vichwa vya wapagazi. Baada ya reli, madebe ya mafuta yalifika kwa behewa, na kahawa iliposhamiri, watu wakapata fedha ya kuyanunua. Chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa kiliundwa mwaka wa 1925, na mahali pake pakashikwa na Chama cha Ushirika cha Wakulima wa Kilimanjaro, yaani K.N.C.U., katika miaka ya 1932 na 1933. Basi kahawa ikageuka kuwa bati la nyumba, karo ya shule, na taa ya mwanafunzi.

Taa hizo zilikuwa za namna mbili. Ya tajiri kidogo ilikuwa fanusi, ambayo wengine huiita taa ya chemli. Hiyo ina kioo cha kuukinga moto, na mpini wa kuibebea. Ya maskini ilikuwa kibatari, kilichotengenezwa na fundi kwa mkebe mtupu na utambi wa kitambaa. Kibatari hakina kioo wala kitako kizito. Mtoto akisinzia juu ya kitabu, mkono wake hukiangusha, na mafuta humwagika pamoja na moto. Hata fanusi, ijapokuwa ni chombo kizuri, ina magonjwa yake: kioo chenye ufa, utambi mwembamba kuliko tundu lake hata moto ukapata njia ya kushuka, na kitako kinachovuja mahali palipoliwa na kutu.

Baada ya taa likaja jiko. Mwaka wa 1892, huko Stockholm katika Sweden, Frans Wilhelm Lindqvist alitengeneza jiko lisilotoa masizi, likaitwa Primus. Roald Amundsen alilichukua katika safari yake ya Ncha ya Kusini ya dunia, aliyoifikia mwaka wa 1911. Na huku kwetu lilipikia chai ya makarani, waalimu na wenye maduka. Kazi yake ni hii. Mafuta hukaa ndani ya tangi la shaba. Mtu huwasha spiriti kidogo chini ya kichwa cha jiko kipate moto, kisha hupiga pampu. Hewa huyasukuma mafuta yapande katika mirija ya moto, yageuke mvuke, yatoke kwa tundu dogo kama la sindano, na kuwaka kwa moto wa buluu unaovuma.

Uzuri wa jiko hilo ndio hatari yake, kwa kuwa mafuta yamo kifungoni, na kila kifungo kina tamaa ya kufunguka. Kichwa kisipopata moto wa kutosha, mafuta hutoka yakiwa maji, na ndimi za moto hufika darini. Tundu likiziba, mtu asiye na subira huzidisha pampu badala ya kulizibua, hata mafuta yakapenya kwenye maungio. Dawa yake ni moja: fungua kizibo cha hewa kilicho juu ya tangi. Hewa ikitoka, nguvu ya mafuta huisha, na moto hufa. Mwenye jiko la namna hiyo asiyejua kizibo hicho kiko wapi ni kama mtu apandaye baiskeli isiyo na breki katika mteremko wa Marangu.

Mwishowe likaja jiko la tambi, ambalo watu wengi hulijua: tambi nyingi zimepangwa mviringo juu ya tangi la bati. Halina pampu, basi watu hulidhania kuwa halina hatari. Hapo sina budi kukiri kosa langu mwenyewe, maana mwalimu asiyekiri kosa lake hana haki ya kusahihisha madaftari ya wengine.

Nyumbani kwetu tulikuwa na jiko la namna hiyo. Tambi mbili zilikuwa zimekwisha kuwa fupi, na bati la tangi lilianza kushika moto kuliko desturi. Niliyaona hayo siku tatu, nikasema moyoni, "Mwisho wa mwezi nitanunua tambi mpya." Siku ya nne mafuta yaliisha, nasi tukanunua chupa moja kwa mchuuzi. Mafuta yale yalikuwa na harufu kali, isiyo harufu tuliyoizoea. Hilo nalo nililipuuza. Jioni nilikuwa nasahihisha kazi za wanafunzi, mwanangu akaja mlangoni akasema, "Baba, jiko linanguruma." Nilimjibu, "Mwanangu, ngoja nimalize." Aliporudi mara ya pili hakusema neno, alinivuta mkono.

Nilikuta moto wa manjano ukitoka juu na pia chini ya jiko, pembeni mwa tangi. Mama watoto alikuwa ameshika sufuria ya maji tayari kuumwagia. Nilimzuia, maana mafuta huelea juu ya maji, na maji yangeusambaza moto sakafuni kote. Mwanangu alitaka tulibebe jiko tulitupe nje; hilo nalo lingekuwa kosa, kwa sababu anayebeba moto wa mafuta akikimbia hujimwagia mwenyewe. Tuliwatoa watoto wote nje, nikatwaa gunia lililolowa maji, nikalifunika jiko kuanzia upande wangu kuelekea mbele, nikatoka na kufunga mlango. Moto ulikufa kwa kukosa hewa. Tulipoteza sufuria moja na pazia, wala hakuna aliyeumia. Lakini usiku ule sikupata usingizi. Juma lile lile nilikuwa nimewafundisha wanachuo somo la hatari za moto, nao walikuwa wameliandika vizuri katika madaftari yao. Mimi niliyelifundisha nilionywa mara tatu, kwa jicho, kwa pua, na kwa kinywa cha mtoto, nami nikanyamaza.

Naamini ya kuwa mafuta yale yalikuwa yamechanganyika na petroli. Dhambi ya wafanya biashara wa miaka ya 1860 haijafa. Imegeuza njia tu. Kwa muda fulani katika Tanzania mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli, hata wengine wakayatia ndani ya dizeli ili wapate faida, na mwaka wa 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuikomesha hila hiyo. Mafuta ya taa ndani ya dizeli huharibu mashine. Lakini petroli ndani ya mafuta ya taa, hata kwa bahati mbaya, kwa mfano kwa kutumia debe au chupa iliyokuwa na petroli, huua mpishi. Mafuta yakinuka vingine kuliko desturi, yasitiwe jikoni. Yawekwe mbali na nyumba, yakaulizwe yalikotoka.

Siku hizi wengi wanaliacha jiko la mafuta na la kuni. Mwaka wa 2024 Serikali ilitangaza mkakati wa miaka kumi, kwamba ifikapo mwaka wa 2034 watu 80 katika kila 100 wapikie nishati safi. Hilo ni jambo jema kwa mapafu ya mama zetu na kwa msitu wa mlima. Lakini chombo kipya huja na siri mpya, nasi tuijue kabla haijatufundisha yenyewe.

Gesi kwa asili yake haina harufu ya kutosha kumwonya mtu. Mwezi wa Machi mwaka wa 1937, katika shule ya New London, Texas, gesi ilivuja chini ya sakafu bila mtu kuinusa. Shule ililipuka, na karibu watu 300 wakafa, wengi wao wanafunzi. Baada ya msiba huo zilitungwa sheria gesi itiwe dawa yenye harufu mbaya. Kwa hiyo, unaponusa harufu kama ya kitu kilichooza karibu na mtungi wa gesi, ujue ya kuwa harufu hiyo imetiwa humo kwa ajili ya watoto wale waliokufa. Usiwashe kiberiti kutafuta panapovuja. Usiguse swichi ya taa, iwe kuwasha au kuzima. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu nje. Gesi hiyo ya mitungi ni nzito kuliko hewa; hulala sakafuni kama ukungu ulalavyo bondeni, basi mlango wa chini ufunguliwe usiku na mchana mpaka imekwisha. Kisha povu la sabuni likipakwa juu ya mpira na maungio litaonyesha mahali pa ugonjwa.

Umeme nao una mlinzi wake. Thomas Edison alipata hati ya fyuzi mwaka wa 1890. Fyuzi ni waya dhaifu uliowekwa makusudi ili ufe kwanza, nyumba ipate kupona. Swichi ya siku hizi inayojizima yenyewe hufanya kazi hiyo hiyo. Sasa yuko mtu ambaye fyuzi ikikatika mara ya pili, huweka mahali pake waya mnene au msumari, naye hujisifu ya kuwa ametengeneza umeme. Amefanya nini? Amemwua mlinzi kwa sababu alipiga kelele usiku. Fyuzi ikikatika tena na tena, pasi au birika lina kasoro, au soketi moja imepewa mzigo wa nne. Plagi ikiwa ya moto mkononi, au kukiwa na harufu ya mpira unaoungua, chombo hicho kizimwe, kitolewe kwenye soketi, na kiwekwe kando mpaka fundi mwenye ujuzi akione. Na kikishika moto, izimwe kwanza swichi kuu. Maji yasimwagwe juu ya chombo chenye umeme.

Pengine mmoja wenu atasema, "Mwalimu anatutisha kwa habari za mbali." Laiti zingekuwa za mbali! Mwezi wa Juni mwaka wa 1994, katika shule ya Shauritanga, wilaya ya Rombo, kwenye mlima wetu huu huu, bweni liliungua usiku, na wasichana zaidi ya 40 wakafa. Mwaka wa 2009, katika shule ya Idodi, mkoa wa Iringa, wasichana 12 walikufa kwa moto wa bweni, na chanzo kilitajwa kuwa mshumaa. Hao walikuwa watoto waliotumwa kutafuta elimu. Wazazi waliuza kahawa na mahindi wapate kuwasomesha.

Basi, wasikilizaji wangu, haya ndiyo mambo ya kuyashika. Kwanza, chombo cha moto kikibadili sauti, rangi ya moto, harufu au joto lake, kizimwe saa ile ile, isiwe kesho. Pili, kisitengenezwe kikiwa kinawaka au kikiwa na joto, wala mafuta yasiongezwe moto ukiwaka. Tatu, kikishazimwa na kupoa kikae nje ya nyumba, wala kisirudi ndani mpaka ugonjwa wake umejulikana na kuponywa. Kisichopona kisiuzwe wala asipewe jirani, maana kufanya hivyo ni kumpa jirani moto wako. Nne, pawe na ndoo ya mchanga au gunia la kulowesha karibu na jiko, na kila mtoto ajue mlango wa kutokea. Tano, moto ukikushinda, toka, ufunge mlango, wala usirudi kuokoa godoro. Wapigieni Zimamoto kwa namba 114. Sita, aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, asipakwe majivu, siagi wala dawa ya meno, kisha apelekwe hospitali.

Mzee wa kale alikaa karibu na mafiga yake akautazama moto wake kwa macho mawili. Sisi tumepata vyombo ambavyo moto wake umefichwa ndani ya bati, mpira na waya, macho hayautoshi tena. Walioungua kabla yetu wametuachia harufu, fyuzi na sheria ili tuuone. Na mtoto wako akija mlangoni akisema jiko linanguruma, weka kalamu chini. Mimi nilichelewa mara moja, na nilipata bahati.

Kwaherini, Mabibi na Mabwana. Mlale salama.